Alarme inalia usiku na mwizi hayuko: tutafute sababu mbele ya kukata waya

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kipwa yenye sisi wote wa Kolwezi tunaijua. Saa tisa ya usiku ilikuwa inapita kidogo, na motokari ya sendika yetu ikaanza kulia. Ni motokari ndogo, volani iko kuume, ya mukono wa pili. Ilitoka Japani na meli mpaka Dar es Salaam, kisha ikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, vile motokari mingi za huku kwetu zinafikaka. Tuliinunua na michango ya wanachama, kila mutu akitoa kidogo kila mwezi. Njo inapelekaka mugonjwa ku hospitali usiku, inabeba mama mwenye kushikwa na uchungu wa kuzaa, inafikisha madelege ku mikutano. Inalala katika lupango ya mumoja wetu, pembeni ya njia, maana garaji hatuna.

Sirene ikapiga kelele, taa zikawa zinawaka na kuzimika. Watu wakatoka na matoroshi. "Mwizi! Mwizi!" Ku njia kulikuwa kunapita kijana mumoja na sakoshi ku mugongo. Wakamukamata.

"Njo ye! Anatokea pale pale!"

"Ba papa, haina mi! Mi natoka ku kazi. Bisi imetuacha kule ku kona. Angalieni kasketi yangu, angalieni bote zangu!"

Nani alikuwa na wakati wa kuangalia bote? Wa kwanza akamupiga kofi, wa pili akamuangusha chini. Mumoja alikuwa amekwisha kuokota jiwe. Mwengine alikuwa anauliza wapi kuna mupira wa zamani wa motokari, na sisi wote tunajua mupira ule unaombwaka juu ya kufanya nini. Tunaandika haya na haya ku uso, kwani kati ya wale watu kulikuwa wanachama wetu, na mumoja wa komite yetu alikuwa pale pia.

Mwenye lupango akatoka, akazimisha alarme na telekomande, akaifunga tena. Kijana alikuwa chini, watu kumi wanamuzunguka, mbali na motokari hatua makumi mawili. Hakuna mutu aliyekuwa karibu nayo, hata paka. Na motokari ikalia tena, ya pili.

Watu wakanyamaza. Muzee mumoja, mwenye alifanya kazi ku mugoti miaka mingi na sasa yuko mu pansion, akasema pole pole: "Sasa ye iko hapa chini, tunamushika. Nani anaigusa?"

Kijana yule alikuwa mutoto wa mwenzetu wa barabara ya tatu. Anafanya kazi ku kampuni ndogo ya sutretansi, posti ya pili, na ule usiku walimaliza kwa kuchelewa. Tulimusindikiza mpaka kwao. Mama yake hakutukaripia. Alileta maji ya moto na kitambaa, akaanza kumupangusa damu ku mudomo. Ile ilituumiza kupita matusi.

Wandugu wasomaji, wiki hii hatuzungumuzie mushahara wala mapatano ya kazi. Tunazungumuzia alarme yenye kulia bila sababu, namna tulitafuta ugonjwa wake, na namna kila mwenye motokari anaweza kutafuta wa kwake mbele mutoto wa mutu hajaumia.

Wiki tatu tulikuwa tunalala

Tuseme ukweli: ile haikuwa usiku wa kwanza. Motokari ilikuwa inalia tangu wiki tatu. Tulifanya nini? Tulikuwa tunafinya telekomande na kurudi ku kitanda. Wenzetu wa posti ya kwanza, wenye wanaamuka saa kumi ya usiku, walikuwa wanalalamika. Wenye kutoka posti ya tatu, wenye wanalala muchana, walikuwa wanasema heri wao, kwani muchana hailiake. Ile neno ya mwisho ilikuwa na maana kubwa, lakini wakati ule hatukuisikia.

Kila mutu alikuwa na maelezo yake. Wamoja walisema ni buloji, kuna mutu mwenye hafurahii sendika. Wengine walisema ni paka, ao watoto, ao baruti ya mugoti inatikisa udongo. Na wengi walisema: "Kateni tu waya, mambo yaishe."

Tulikataa kukata waya, na tunaomba na ninyi mukatae. Alarme mingi hazina kazi ya kulia tu. Zinashika pia njia ya umeme wa demareri, ili mwizi asiwashe motere. Ukikata waya yenye haujui, unaweza kufunga motokari wewe mwenyewe, na utajua ile siku mugonjwa iko ndani na motere inakataa kuwaka. Na kama unakata waya ya sirene peke yake, motokari inanyamaza, lakini sababu inabakia. Mwizi wa kweli akikuja, motokari itanyamaza vilevile.

Kosa letu la kwanza: dola 90 za bure

Kisha ule usiku, tulikuwa na haraka ya kuonyesha watu kama tunafanya kitu. Fundi mumoja wa njiani akatuambia: "Ni batri. Wakati wa baridi batri inachoka, alarme inalia." Neno lake halikuwa uongo. Batri ya kuchoka ni sababu ya kweli, na mara mingi. Lakini yeye hakupima, na sisi hatukumuomba apime. Tukatoa dola 90 mu kese ya wanachama, tukaweka batri mupya.

Usiku wa pili yake, saa kumi, motokari ikalia.

Dola 90 ni feza ya watu. Ku mukutano wa siku ya Mungu tulisimama tukasema: tulikosea, tulinunua mbele ya kupima. Mwanachama mumoja, elektrisie wa usine, akanyosha mukono. "Ku usine mashini ikisimama, hatuanze kubadilisha bipande kama watu wa wazimu. Tunauliza mashini inaona nini. Tunapima kitu kimoja, tunaandika, kisha tunapita ku kingine. Muniachie ile motokari wiki moja."

Tukamuachia, na tukafanya kazi pamoja naye. Yote yenye tunaandika chini hapa yanatoka mu ile wiki.

Alarme haina macho

Jambo la kwanza alitufundisha: alarme haimuone mwizi. Ni kisanduku kidogo chenye kufichwa chini ya tablo, na kinapokea habari ku waya. Kila mulango una butoni ndogo. Mulango ukifungwa, unaifinya. Mulango ukifunguka, butoni inatoka na kupeleka habari: "Niko wazi." Ku kofre kuko butoni, na chini ya kapo pia. Kisha kuko kaptere ya kutikisika, yenye inasikia mutu akipiga kioo ao akisukuma motokari. Alarme zingine zinapima pia nguvu ya batri. Ikishuka mara moja, zinafikiri mulango umefunguka na taa ya ndani imewaka.

Kisanduku hakijue kama habari inatoka ku mukono wa mwizi ao ku mavumbi, ku maji, ku kutu. Kwa hiyo, alarme yenye "inalia bure" hailie bure. Kuna habari imefika ku kisanduku. Kazi yetu ni kujua inatoka wapi.

Kaye na biki mbele ya tournevisi

Chombo cha kwanza chenye elektrisie aliomba haikuwa tournevisi, ilikuwa kaye. Mwenye lupango akaandika kila mara: saa ngapi, baridi ao joto, mvua ao hapana, lori ilipita ao hapana, nani alifunga motokari. Usiku ine tu, na kaye ikaanza kusema. Motokari ililia mara tano, zote kati ya saa nane na saa kumi na moja, wakati baridi ni kali. Muchana, hata mara moja. Malori ya mizigo yalikuwa yanapita saa mbili ya usiku yakitikisa madirisha ya nyumba, na motokari inanyamaza. Baruti ya mugoti ilipiga, motokari inanyamaza.

Hapo hapo sababu mbili zilianguka. Kama ingekuwa kaptere ya kutikisika, ingelia na lori. Kama wangekuwa watoto wenye kucheza, ingelia muchana. Na buloji, tulicheka, inachagua saa za baridi peke yake?

Kaye ilitugarimu franka mia tano.

Taa ndogo yenye hakuna mutu alikuwa anahesabu

Ku tablo kuko taa ndogo nyekundu yenye inaangaza wakati alarme imefungwa. Ku alarme mingi, kama ililia na wewe unaizimisha, ile taa inawaka mara fulani kukuonyesha ni pembe gani ilileta habari. Mara mbili ni mahali pamoja, mara tatu ni pengine. Hesabu si moja kwa alarme zote, na kitabu cha yetu kilipotea zamani. Tukafanya hivi: mumoja wetu akakaa ndani, dirisha chini kidogo, tukafunga alarme, tukangoja dakika moja. Akafungua mulango. Sirene ikalia, tukaizimisha, tukahesabu taa: mara mbili. Tukaanza tena, akavuta mukono wa kufungua kapo. Taa: mara tatu. Tukapiga ku kioo na ngumi: mara ine.

Usiku wenye ulifuata, motokari ikalia saa tisa. Mwenye lupango hakufinya telekomande na kurudi ku kitanda. Alivaa koti, akaenda kuangalia ku dirisha na toroshi, akazimisha, akahesabu. Mara tatu.

Ilikuwa kapo. Wiki tatu motokari ilikuwa inatuambia, na hakuna mutu alikuwa anaangalia.

Kama alarme yenu haina ile taa

Si kila alarme inaonyesha. Kama yenu haionyeshe, mufuate mustari, moja moja, na kati ya moja na nyingine muache usiku mbili ao tatu. Mukibadilisha vitu vitatu siku moja na alarme ikanyamaza, hamutajua ni kipi kilikuwa na ugonjwa.

Telekomande. Muangalie kama butoni haifinyike mu mufuko ao mu sakoshi ya mama. Ku telekomande mingi kuko butoni ya kuita musaada, yenye inaliza sirene. Batri yake ndogo ikiisha, motokari haisikie muzuri kama umeifunga ao umeifungua. Namba inaandikwa juu yake, mara mingi CR2032 ao 27A. Na hii moja inadanganya watu wengi: mukifunga na telekomande na mutoto amebakia ndani, akifungua mulango, alarme italia. Ni haki yake kulia.

Batri. Mupime asubui, motokari ilale usiku muzima, mbele ya kuwasha motere. Batri ya kushiba inaonyesha volti 12,6. Ku 12,2 imebakia karibu nusu. Chini ya 12, imeisha. Mutu awashe motere na mwengine aangalie aparei. Kama wakati wa kuzungusha demareri inaanguka chini sana ya 10, batri imechoka. Motere ikizunguka, aparei ionyeshe kati ya 13,8 na 14,5 hivi. Ikibakia 12, alternateri haijaze, na batri mupya mutaiua vilevile. Muangalie pia vichwa vya batri: ule unga mweupe ao wa kijani unazuia umeme kupita. Mutoshe waya, mupangushe na brosi na maji ya moto, mukaushe, mukaze sana. Sisi tungefanya hii kazi ya dakika kumi, dola 90 zingebakia mu kese.

Milango na kofre. Usiku, mufunge milango yote na muangalie taa ya ndani. Ikibakia inawaka, ao inawaka na kuzimika pale munasukuma mulango kidogo, kuna mulango wenye haujifunge muzuri ao butoni yake imechafuka. Muangalie pia waya zenye zinapita kati ya mulango na mwili wa motokari, mu ule mupira wenye kukunjana. Mulango unafunguliwa mara elfu na elfu, na waya zinavunjika ndani bila kuonekana.

Kaptere ya kutikisika. Mara mingi iko na butoni ao visi ndogo ya kuipunguza ao kuiongeza. Kama motokari inalia na lori, ao na ngurumo ya mvua, mupunguze kidogo tu, kisha mujaribu na ngumi ku kioo. Musiipunguze mpaka mwizi anapiga kioo na inanyamaza. Na kama alarme yenu iko na kaptere yenye inasikia kitu kinatembea ndani, mufunge madirisha yote na mutoshe vitu vya kuninginia ku kioo cha mbele.

Waya na sirene. Alarme mingi za hapa hazikutoka na motokari. Ziliwekwa njiani, waya zimezungushwa na kufungwa na skochi. Joto la motere linakausha skochi, mavumbi yanaingia, waya zinagusana. Panya nao wanapenda kukata waya, zaidi kama motokari inalala karibu na stoki ya mahindi. Sirene zingine ziko na batri yao ndani. Ikizeeka, sirene inaweza kulia hata kama kisanduku hakijaiomba. Na mujue: ukitosha waya ya batri ku motokari yenye sirene ya namna ile, italia, njo kazi yake.

Ku motokari zenye alarme ilitoka nayo ku kiwanda, hizi kazi za waya muachie fundi mwenye aparei. Lakini telekomande, batri, taa ya ndani, butoni na kaye, kila mutu anaweza.

Bukari chini ya kapo

Turudie ku motokari yetu. Tulifungua kapo. Butoni yake iko karibu na kufuli, njo mahali penye mavumbi mekundu ya barabara yetu yanaingia ya kwanza. Kakofia kake ka mupira kalikuwa kamepotea. Ndani kulikuwa kutu na matope ya kukauka. Elektrisie aliipangusa na brosi, akaisugua na karatasi ya emeri laini, akaijaribu na kidole mara makumi mawili. Ilikuwa inafanya kazi.

"Basi imepona," tukasema.

"Bado. Butoni ni nzima, lakini tujue kama kapo inaifinya."

Akaomba bukari. Tulifikiri anachekesha. Alikamata kipande kidogo cha bukari ngumu, akakifunga mu plastiki, akakiweka juu ya butoni, akafunga kapo, akaifungua. Mutu angetazamia kukuta bukari imekuwa kama karatasi. Ilikuwa ingali nene kama kidole cha mutoto. Kapo ilikuwa haigusi butoni muzuri.

Tukakumbuka. Mwezi wa tano, motokari iligonga kidogo ku nyuma ya taksi. Kapo ilikunjika, ikanyoshwa na nyundo, na tangu siku ile iko juu kidogo upande mumoja. Muchana, chuma cha moto, butoni inafinyika kwa shida, lakini inafinyika. Usiku baridi inakuja, chuma kinajikaza, nafasi ndogo inafunguka. Nafasi ya unene wa ukucha. Kisanduku kinapata habari: "Kapo iko wazi."

Fundi alikata kipande cha shambre ya velo, akakipachika na kole chini ya kapo, pale inakutana na butoni. Akazungusha zile visi za mipira zenye zinabeba kapo ili ishuke kidogo. Tukarudisha bukari: mara hii ikawa bapa. Kazi yote, dakika makumi ine. Garama, soda ya elektrisie.

Wiki sita zimepita. Alarme ililia mara moja tu, muchana, wakati mutoto wa mwenye lupango alijifungia ndani kisha akafungua mulango. Watu sita walitoka ku nyumba zao kuangalia. Ile ilitufurahisha, kwani wiki zile zingine hakuna mutu alikuwa anatoka tena, kuondosha ule usiku wa mwezi wa saba, na ule usiku ingekuwa heri wasitoke.

Ku mugoti ni vilevile

Tunaandika hii mu gazeti ya watu wa mugoti, na munajua tunafika wapi.

Kisha ile habari kusikika, mwenzetu mumoja wa usine akatuambia: "Ba delege, na sisi tuko na alarme ya namna ile." Iko na detektere ya gazi SO2, ile gazi yenye inachoma pua na koo na inaweza kuua kama ni mingi. Detektere ililia siku tatu bila mutu kusikia harufu. Siku ya ine, ikawekwa mu almari chini ya koti. Mwengine akatuambia juu ya mashini kubwa yenye inalia pale inarudi nyuma: klaksoni ile ilifungwa na kitambaa juu inasumbua shofere.

Hatumuchongee mutu. Shofere mwenye anasikia ile kelele saa kumi na mbili, tunamuelewa, na sisi tulifinya telekomande wiki tatu. Lakini tuliona namna inaenda. Kwanza alarme inalia bila sababu yenye kuonekana. Kisha watu wanaizoea. Kisha mutu mumoja anaifunga kinywa. Na ile siku gazi ni ya kweli, kila mutu anaendelea kula mukate wake.

Kwa hiyo tunaomba kila timu ifanye vile tulifanya ku motokari. Detektere ikilia, kwanza mutoke mahali pale na kuita mukubwa, kwani haiko ninyi wa kuamua kama ni uongo. Kama imepimwa na gazi hayiko, muandike mu rejistre: siku, saa, mahali, namba ya detektere. Muombe ipelekwe kurekebishwa, kwani detektere inapaswa kupimwa tena na gazi yenye kujulikana kila wakati fulani, ile kaptere ya ndani inazeekaka. Muombe mwingine wa kubadilisha mbele ya kurudi ku kazi. Mupe delege kopi ya ile mustari ya rejistre. Code du travail ya mwaka 2002 inamupa mukubwa wa kazi mulimo wa kuchunga usalama wa mutumikaji, lakini mu komite ya usalama, delege bila karatasi anaongea kama mutu mwenye kulalamika. Delege mwenye siku na saa zimeandikwa, wanamusikiliza.

Juu ya kijana yule

Kunabakia deni moja. Tulilipa dispanseri ya kijana, lakini ile ilikuwa kidogo. Aliitwa mwizi mbele ya watu, ikatupasa kumulomba musamaha mbele ya watu. Siku ya Mungu yenye ilifuata, mbele ya mukutano, mwenye alimupiga wa kwanza alisimama akalomba. Wengine watatu wakasimama nyuma yake. Wa jiwe hakusimama, lakini jioni alienda kwao na mufuko wa unga, na mama akaupokea.

Tulimuuliza kijana kama kuna kitu anaomba. Alisema: "Mi napitaka ile njia kila siku, ba papa. Mutengeneze ile motokari."

Sasa anapita. Usiku mwengine, akitoka posti ya pili, anagonga kidogo ku kapo na vidole, anaangalia ku dirisha ya mwenye lupango, na anacheka. Mwenye lupango anaacha kaye yake ku dirisha, biki ndani. Kama motokari yenu inalia usiku, mufungue kaye yenu leo, muandike saa. Na kama munashikwa, mukuje ku biro ya sendika siku ya posho, elektrisie wetu atakuwako na aparei yake. Bukari, mulete yenu.